Dirisha Ubavuni mwa Kompyuta

…lakini pembe hii ya chini bado ina meno, Kyakimwa alijiambia, vijimeno ambavyo jicho halivioni ila kidole kinavijua, basi piga tupa tena, kwenda mbele tu bila kurudi, maana ukiivuta nyuma bati linatetema na kujikunja, na bati hili ni ubavu wa kompyuta, hapa Kitshanga halina mwenzake, likipinda ndiyo basi… dirisha lenyewe amelikata vizuri kwa msumeno wa chuma, kubwa la kutosha mtu mwenye bunduki kuinama, kuchungulia na kuona mwenyewe kwamba ndani hamna madini ya koltani, hamna dhahabu ya mgodi wa Omate, hamna redio ya kuwaitia adui, ni nyaya tu na feni na vumbi, ila mtu wa barieri, kile kizuizi cha njiani, haamini macho, lazima apitishe mkono, na mtu wa bunduki akichanwa kidole na mali yako, Mungu wangu, huyo hata umnunulie bia hakusikii tena, kwa hiyo tupa, kisha msasa, kisha mpira wa tairi ya pikipiki uliopasuliwa katikati na kuvishwa ukingo wote, ndipo pleksi iingie, ile plastiki ngumu ya kuonea ndani, inayochomoka kwa mkono… na mlangoni Mamie jirani, muuza mikate, ambaye ndiye aliyeing'oa pleksi hiyo kwenye sanduku lake la mikate akampa bure, alikuwa anasema kitu, anasema waiuze mashine vipande vipande, kila mtu anauza sasa, milio ya mizinga ya jana haikuwa mbali, Kyakimwa akaitika ndiyo, ndiyo, bila kusikia… auze, amuuzie nani, na mkono wa Kasika mumewe utashika kazi gani, yeye aliyekwisha kuwapakia nyimbo simuni watu wa kambi nzima na kuwachapia picha za watoto wao, hauzi, Kirotshe karibu na hospitali kuna chumba kinawangoja, kina umeme wa jua, kesho asubuhi Kasika atapanda pikipiki na mashine mapajani, yeye atafuata na watoto, ndivyo walivyopanga, yaani ndivyo yeye alivyopanga…

na sasa Kasika ameketi juu ya bidoni, dumu tupu la maji, anaupasua mpira kwa wembe, anaupasua sawasawa kabisa, mtu huyu hajui kazi mbovu, ila tazama, mpira una damu, na yeye anaendelea tu, hajui kama amejikata, tangu wale wa barieri walipomfunga mikono nyuma kwa kamba vidole vyake havisikii kitu, juzi alishika sufuria ya moto hadi chumba kikanuka… Kyakimwa akauchukua ule mkono, akaufunga kitambaa, akarudi kwenye tupa bila neno, kwa sababu angefungua mdomo yangetoka yale yale, kwamba mwanaume gani anapita barieri na kitu kilichofungwa skrubu nne halafu bisibisi anaiacha nyumbani mezani, aliikuta pale pale mezani siku ile ile, na mwenye pikipiki alipoirudisha mashine bila Kasika ilikuwa imefungwa vilevile, skrubu zote nne mahali pake, akajua, wamemwambia fungua, ameshindwa, wamemchukua, angeifungua wangeona, wangeona wangemwacha, angeifungua wangeona… amelisaga neno hili kimoyomoyo miezi yote hii, na tangu asubuhi linakwenda pamoja na tupa… Mamie akaaga, Kyakimwa akaitika tena ndiyo…

«Mama Naomie,» Kasika akamwambia mkewe, hakuinua kichwa, «ile siku nilibafungulia.»

Tupa ikasimama… alibafungulia kwa kitu gani, kwa kucha?… «Na kisu yabo. Vise, skrubu zote ine, moja moja, nilitoa mi mwenyewe. Balimulika na torshi, baliona yote, mwenye mukubwa yabo akasema ni muzuri, kumbe ndani iko hivi. Nikafunga tena, sikutaka vumbi iingie. Kisha njo bakanifunga.»

… akafunga tena, asitake vumbi iingie, akakaza skrubu ya nne wao wamesimama na kamba tayari… waliona, basi, waliona kila kitu na wakamchukua, hawakutaka koltani, walitaka mgongo wa kubebea mizigo yao, na yeye Kyakimwa alimfungia mumewe kosa lisilo lake, akamtazama kwa jicho lile kila sahani ya chakula, na sasa anatoboa dirisha limsemee njiani, wao waone nini ambacho hawakukiona… akasikia hasira ikimpanda, halafu haya, haya nzito, halafu kitu kingine kikavu na kigumu, akaishika tupa… tupa bado, ndiyo, pembe ile ile, kwani mkono utakaopita hapa kila siku si wa askari, ni wa Kasika, ataingiza vidole kupangusa feni, vidole visivyojua kuchomwa, ukingo huu ukiachiwa jino moja utamkata hadi mfupani na yeye anaongea tu na mteja, kwa hiyo meno yote yatoke, hata kama ni hadi jioni… na njia? njia ni moja, kukaa hapa hawawezi… siku zile kabla hajarudi hakujua kama yuko hai wala yuko wapi, aliuliza msituni na kanisani na hospitalini, hilo ndilo lililotaka kumwua, kutokujua…

«Hauende peke yako,» akasema, tupa ikienda. «Watoto babaki kwa Mamie, tutatuma mutu abalete. Tunapanda wawili.»

«Na bakinikamata?»

«Njo nitaona kule banakupeleka.»