Maji ya Nestory
Avelina, mpimaji wa mito, alikuwa akishusha kifaa chake kwenye mto Kagera, upande wa Kyerwa, Mama Katusiime alipomjia. Mume wa mama huyo, Nestory, alizama hapo mwaka jana na mwili haukuonekana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Hicho kinafanya nini?”

“Kinatuma sauti majini na kuisikiliza ikirudi, tujue maji yanakwenda kwa kasi gani.”

“Hapa yamesimama. Ndiyo maana kila Jumapili nakuja kumwombea Nestory hapahapa.”

Avelina akapima, kisha akarudia, maana hakutaka kumdanganya.

“Yanakwenda, mama. Ni polepole, macho hayaoni, lakini yanakwenda hadi ziwani.”

Mama Katusiime aliinama ukingoni.

“Basi atakuwa ameshafika ziwani,” alisema. Akanawa uso, akapanda kilima kurudi kwenye migomba yake.