Mamba Hafungui Vifungo

Kama Cândido angeniuliza kwanza, jogoo wangu angekuwa hai na sisi tusingefikishwa barazani kwa shefe wa posto, Mreno mkuu wa kituo cha serikali. Lakini Cândido ni fundi seremala, na hawezi kuona kitu kimesimama vizuri bila kukiongezea msumari. Uongo wetu ulikuwa umesimama vizuri kabisa. Yeye akaongeza msumari.

Uongo wenyewe ulikuwa huu: mume wangu Faquir ameliwa na mamba. Ukweli ni kwamba Faquir, aliyekuwa mainato wa shefe, yaani mfuaji na mpiga pasi wake, alivuka mto Ruvuma kwenda Tanzania kujiunga na wapiganaji wa uhuru. Hakuniaga. Alisema tu anakwenda kumwona dada yake huko upande wa mtoni, na nguo za shefe akaziacha zimenyooshwa, zimekunjwa, zimepangwa. Mreno aliachiwa mashati, mke akaachiwa habari za kuokota kwa majirani. Nilikasirika, na sioni aibu kusema hivyo.

Wakati ule wa vita, mtu akijulikana kuwa amevuka mto, wanaolipa ni waliobaki. Mke, mama, watoto, wote hupakiwa kwenye lori wakafungwe. Kwa hiyo tulihitaji kifo, tena haraka, na kwa bahati mto wetu una mamba wa kutosha. Tukaweka matanga. Mimi nikakaa eda. Kijiji kizima kilijua mambo yalivyo, na kijiji kizima kililia kwa sauti.

Cândido akaona matanga bila kitu cha kuonyesha hayajakamilika. Akamkamata jogoo wangu bila kuniuliza, akamchinja, akatoa shati la Faquir sandukuni, akalipaka damu, akalileta mbele ya waombolezaji akisema amelikuta ukingoni mwa mto. Shati lilikuwa bado na mikunjo ya pasi. Vifungo vyote vilikuwa vimefungwa hadi shingoni.

Hata hapo angepona, kama si utani. Ukoo wa Cândido ulitoka Diaca, na ukoo wao na ukoo wa Faquir ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani ana haki zake. Anakutukana dukani nawe unacheka. Ukifa, yeye na ndugu zake ndio wanaofanya fujo msibani: wanavaa nguo zako, wanaiga mwendo wako, wanabeba vyombo vyako hadi kwao, na hawavirudishi mpaka wafiwa wavikomboe kwa kuku au sinia la wali. Mtani akikaa kimya msibani, watu huanza kuulizana kuna ugomvi gani.

Basi Cândido alivaa suruali ya Faquir, akaburuta mguu wa kushoto kama Faquir aburutavyo, akazunguka uani akiimba kwamba hatimaye kijiji kitapumua. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Na wakati huohuo shefe akaingia, amekuja kutoa pole. Alimwona mtu amevaa suruali ya marehemu, anacheza kwa furaha, na pembeni yake limetundikwa shati lenye damu. Cândido akalala korokoroni siku hiyohiyo.

Baraza liliitwa asubuhi iliyofuata, na mimi nikatolewa eda kwa amri. Shefe alikuwa Mreno mnene, mpweke, msomaji wa hadithi za wapelelezi. Tangu Faquir aondoke, kola yake ilikuwa imelala kama sikio la mbuzi. Alipanga vitu vya ushahidi mezani. Kando yake alisimama sipaio Abdurremane, askari wa posto, mwenye kazi ya kutafsiri.

"Hakuna aliyeona mauaji kwa macho," alisema shefe. "Kwa hiyo tutapima vitu vyenyewe."

Akainua shati. "Mnasema mamba amemla mtu aliyekuwa ndani ya shati hili. Halikuchanika hata uzi. Je, mamba alimsubiri avue? Na nani aliyefunga vifungo baadaye? Mamba hafungui vifungo, wala hafungi."

Abdurremane alitafsiri yote bila kutikisa uso. Mimi nikamtazama Cândido, naye akajifanya anakagua dari, kama mtu aliyeitwa kuitengeneza.

Kikafuata kisu kilichokutwa nyumbani kwake, kina damu iliyoganda na unyoya umenata. Shefe aliutoa ule unyoya kwa ncha za vidole, akaupuliza ukaanguka chini. Alisema unyoya hauhusiani na kesi. Katika vitu vyote vilivyokuwa pale mezani, ni huo tu uliokuwa ukisema kweli.

"Tena ulimwambia Faquir dukani kwamba mwaka huu utamzika, na sanda umeshapima."

"Nilisema, senhor. Hata mwaka jana nilisema."

"Kumbe ulianza kupanga tangu mwaka jana. Na suruali hiyo uliyovaa, ya nani?"

"Ya marehemu."

"Kwa nini umeivaa?"

"Yeye haitaki tena, senhor."

Lazima nimtendee haki yule Mreno: alifikiri vizuri. Kulikuwa na vitisho, kisu, damu, mali ya marehemu na furaha msibani, na kila kimoja alikiweka mahali pake. Ningekuwa mgeni pale, ningemfunga Cândido mwenyewe. Ila Faquir alikuwa mzima, au ndivyo tulivyoomba, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeweza kulitamka.

Shefe akaegemea mbele. "Kesho lori linakwenda Porto Amélia kwa hakimu, na aliyeua atakuwa ndani. Akienda asitarajie kurudi. Lakini shati hili naweza kulieleza kwa njia nyingine. Labda mwenye shati yu hai, na mtu amelipaka damu ili nisimtafute. Kama ndivyo, Cândido, sema yuko wapi, uende ukalale kwako."

Abdurremane alitafsiri taratibu sana. Cândido alinitazama mimi, kisha mama mkwe wangu aliyewapakata wanangu wawili. Ana mke na nyumba aliyoiezeka nusu. Angeweza kutamka neno moja tu akaenda kumaliza paa. Nilimchukia Faquir kwa kutuweka pale.

"Nimemuua mie," alisema Cândido.

Shefe aliketi vizuri. Hata kalamu hakuwahi kuishika, kwa maana dada yake Cândido, Olinda, alikuwa ameshasimama, mikono kiunoni.

"Mwongo huyo, senhor. Hata kuku humchinja kafumba macho. Faquir nimemuua mie, kwa mchi."

"Mchi upi?" aliuliza mtu nyuma. "Da Olinda, ntu kafa kwa sumu. Niliitia mie kwenye kahawa, akanywa, akaniomba na ya pili."

"Weye ulikuwa Pundanhar siku hiyo."

"Niliitia kabla ya kwenda."

Wakasimama wote wa ukoo ule, wanaume kwa wanawake. Sijui kama walikusudia kumwokoa ndugu yao au walishindwa tu kumwachia peke yake sifa ya kumuua mtani. Nadhani yote mawili. Mmoja alimkaba koo, mmoja alimsukuma kisimani, na bibi mmoja asiyeweza kuinua ndoo ya maji alisema alimnyanyua akambamiza. Kisha wakaanza kukosoana. Aliyemkaba aliambiwa mikono yake ni mifupi.

Shefe aligonga meza, akadai ushahidi. Hilo lilikuwa kosa kubwa. Walitawanyika wakarudi na ushahidi. Olinda alileta sufuria langu. Wa sumu alileta birika. Wengine wakaja na mkeka, jembe, taa na viatu vya Faquir, kila mmoja na chake, na wa mwisho akaingia na mlango wa nyumba yangu kichwani. Nilikuwa nimelala bila mlango tangu matanga yaanze.

"Wote walimtisha?" aliuliza shefe.

"Wote," alijibu Abdurremane.

"Na wote wamechukua mali yake?"

Abdurremane alitafsiri, ingawa hakukuwa na haja. Halafu akafungua koti lake la usipaio na kuonyesha kiunoni. "Na mie, senhor. Mama yangu ni wa ukoo huohuo. Mkanda huu ni wa Faquir."

Shefe alivitazama vile vitu, kisha akalitazama lori lake nje. Nilimwona anapiga hesabu ya viti. "Nikivipima hivi vitu, nimfunge kila mtu," alisema, "na nikimfunga kila mtu, posto hii itakuwa ya mbuzi." Akausogeza ushahidi wote pembeni kwa mkono. "Mwiteni mjane."

Nikasimama mbele yake na kaniki yangu.

"Wewe hukuchukua kitu wala hukumtisha mtu. Nitaamini kinywa chako. Mumeo yuko wapi? Ukisita, namwita mtu wa PIDE, polisi wa siri, kutoka Mocímboa, na yeye hana subira yangu."

Siku zote zile za matanga nililia, lakini nilikuwa nalia kwa hasira. Neno lenyewe sikuwahi kulisema. Wengine walilisema kwa niaba yangu. Nilitaka kulisema upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Faquir amekufa," nikasema.

Nilipolisikia kwa sauti yangu mwenyewe, nikaanza kuliamini. Kwani nani alinihakikishia alifika ng'ambo? Mto ule una mamba kweli, na askari wana bunduki kweli, na hakuna aliyeniletea hata salamu. Nilianguka nikalia, nikalia kilio kilichomfanya shefe avue kofia. Akasema ni mamba, kesi imekwisha, Cândido afunguliwe.

Tulipofika kwangu, watani walikuwa wamenitangulia. Walikuwa wamepanga kila kitu uani kimyakimya, sufuria, birika, taa, na Cândido alikuwa anauchomeka mlango kwenye bawaba zake. Suruali ilikuwa imekunjwa juu ya mkeka. Hakuna aliyedai kuku. Hakuna aliyenitania hata kwa jicho.

"Mmefanya nini?" niliuliza.

"Tumerudisha, shemeji," alisema Cândido. "Bure. Umelia sana leo."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoogopa kwa shefe: kama watani wameacha utani, basi nao wameamini kwamba amekufa. Niliichukua ile suruali nikamtupia kifuani.

"Vaa," nikamwambia. "Na huo mlango ung'oe uende nao. Bebeni kila kitu. Atakuja kuvikomboa mwenyewe."

Kisha Olinda akalichukua sufuria, akalichungulia ndani na kusema kwa sufuria bovu namna ile Faquir atalipa majogoo wawili, la sivyo watakufa nalo.