Kigugumizi cha Gari la Shemeji

Kama kulikuwa na mtu aliyestahili kumiliki gari lenye nguvu kuliko shida zake, basi, kwa maoni yake mwenyewe, alikuwa Mwalimu Mguu. Tangu ujana wake alikuwa akifundisha watu udereva ndani ya kigari kidogo chenye kibao cha herufi L juu ya paa. Yeye hukaa kiti cha abiria, ambako upande wa miguu yake kuna klachi na breki za mwalimu, na huko hupelekwa kutwa nzima kwa mwendo wa mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha barabarani. Mtu wa namna hiyo akitamani kasi kidogo uzeeni, nani wa kumlaumu?

Jina la Mguu alipewa na wanafunzi, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni. Mwanafunzi akiyumba, "Mguu." Akizima gari kwenye makutano, "Mguu." Akifanya vizuri, Mwalimu humtazama kwa mashaka kidogo, kisha humwuliza, "Mguu wako uko wapi?" Na ubaoni darasani ameandika kwa chaki ya rangi, miaka nenda miaka rudi, kwamba mguu usio na kazi haukai kwenye pedali. Siku hizi, akifika hapo ubaoni, husita kidogo kabla ya kuandika.

Gari lenyewe aliuziwa na shemeji yake, kaka mkubwa wa mkewe. Huyu ni fundi saa, mtu mpole, asiyesema neno mpaka alipime kwanza. Gari lake lilikuwa la rangi ya buluu iliyokoza, lenye milango minne na sura ya kistaarabu, ungedhani ni la kupelekea watoto shule, mpaka ulikanyage mafuta. Alikuwa akiliosha kwa mikono yake na kulifunika shuka kila jioni. Kisha mgongo ukamgeuka, daktari akamkataza viti vya chini, na gari lile halina kiti cha juu. Watu walikuja kulitaka akawakatalia mmoja mmoja.

"Nakuuzia wewe, shemeji," alimwambia Mwalimu, "kwa sababu wewe kuendesha unajua."

Maneno hayo Mwalimu aliyarudia kwa majirani, kwa kinyozi, na kwa watu ambao hata hawakumwuliza.

"Na mafuta je?" aliuliza siku ile ya kukabidhiwa funguo.

"Ukiliendesha kwa utulivu, lita moja inakupeleka kilomita kumi na moja. Kitabu chake kinasema zaidi ya hapo, lakini usikiamini kitabu. Niamini mimi."

Mwalimu alitabasamu. Yeye ndiye anayefundisha somo la kubana mafuta. Kama fundi saa amepata kumi na moja, mwalimu wa udereva atakosaje kumi na tatu?

Wiki ya kwanza dashibodi ilimwonyesha sita. Alidhani mshale una usingizi. Wiki ya pili ikaonyesha sita kasoro, na hapo ndipo gari lilipoanza kigugumizi. Unakanyaga mafuta, linaanza kwenda, linasita, linakohoa, linavuta tena, linasita tena, kama mtu anayetaka kukupa habari mbaya na hajui aanzie wapi. Mwalimu alibadilisha kituo cha mafuta. Alipunguza upepo wa matairi, akauongeza. Alitoa kila kitu kwenye buti la nyuma, hata jeki, ili gari liwe jepesi. Mkewe alipoomba aliendeshe yeye kidogo aone, alimwambia kwamba gari la nguvu kama lile linahitaji mtu mzoefu.

Ni vizuri ijulikane kwamba mkewe kuendesha anajua, ila hakufundishwa na mumewe. Mumewe alijaribu. Somo la kwanza lilipita, la pili lilipita kwa shida, na la tatu mama alizima gari katikati ya barabara, akavuta breki ya mkono, akashuka, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Aliyemfundisha ni kaka yake, kwa wiki moja, bila kupaza sauti hata mara moja.

Fundi wa gereji alilipokea gari akaliendesha peke yake kuzunguka mtaa, akarudi anacheka. "Gari zima hili, Mwalimu."

"Panda nikuonyeshe."

Wakapanda wote wawili, Mwalimu kwenye usukani, na hawajafika kona ya kwanza gari likaanza kukohoa. Fundi alitoa kichwa chote dirishani asikilize injini vizuri, akakaa hivyo njia nzima, macho kafumba. Alibadilisha plagi, wakarudi barabarani, likakohoa. Alibadilisha koili, kisha pampu ya mafuta. Alichomeka kompyuta yake, na kompyuta ikasema haina malalamiko. Kitu pekee alichokiona ni kwamba magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto na pedi za breki zimelika kabisa.

"Unaona?" alisema Mwalimu. "Ameniuzia gari ambalo hata pedi limemaliza."

"Likiwa na mimi halifanyi hivi," alisema fundi, akijikuna kichwa. "Labda lina hasira na wewe."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amekwisha kutafuta kosa kila mahali panapofikika, na kilichobaki kilikuwa ni mtu. Jumapili, shemeji alipokuja kula nao chakula cha mchana kama kawaida yake, Mwalimu alimsubiri mpaka sahani zilipojaa, ndipo akamtolea uvivu mbele ya mkewe na watoto.

"Shemeji, ulijua. Ulijua gari ni bovu, ukatafuta wa kumbebesha, ukaona anayefaa ni mume wa dada yako."

Shemeji aliweka kijiko chini. Akanawa mikono taratibu. "Lirudishe," alisema. "Nitakurudishia chako." Akainuka kwa kushika meza, akatoka, wakamsikia akishuka ngazi moja moja kwa ajili ya ule mgongo.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyumba ile. Simu alikuwa hapokei, na kwa dada yake alituma salamu fupi tu kama za posta. Kaka huyo ndiye aliyemlea dada yake tangu wazazi wao walipofariki. Alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, mpaka akajifunza. Mke wa Mwalimu hakugomba. Alipika, akapakua, akakaa upande wa meza ambao ulikuwa unatazama mlango.

"Nitakwambia kitu kimoja," alimwambia mumewe asubuhi ya kulirudisha gari. "Leo gari likirudi kwake, yeye kwetu harudi tena. Namjua kaka yangu."

"Sasa nifanye nini? Nikae na gari bovu?"

"Sijui. Wewe ndiye mwalimu."

Wakaondoka hivyo, kila mtu na gari lake. Mwalimu akatangulia na lile la buluu, mkewe akamfuata na kile kigari cha chuo cha udereva, ili wapate cha kurudia. Gari lilikohoa getini. Likakohoa kwenye mzunguko. Kwenye mwinuko mrefu wa kuelekea kwa shemeji lilipanda kwa kusukumwa na aibu tu, huku lori la mchanga likiwapita. Mwalimu aliona kwenye kioo mkewe akimwashia taa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Alidhani anamhimiza aende haraka, akazidi kununa. Mwishowe akaingia kituo cha mafuta, kwa kuwa mshale nao ulikuwa umelala chini.

Mkewe alishuka akaja dirishani.

"Kwa nini unakanyaga breki?"

"Nani anakanyaga breki?"

"Wewe. Tangu getini taa zako nyekundu hazijazimika hata kidogo. Hata mlima umeupanda zinawaka."

"Basi na taa nazo mbovu. Tutamwambia nazo."

Mama aliinama, akaingiza kichwa dirishani, akatazama chini kwenye giza la miguu ya mumewe. Alitazama kwa muda.

"Mguu," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Mguu wako wa kushoto uko wapi?"

Mwalimu alitazama. Ulikuwa pale, ndani ya kiatu kilichopigwa rangi asubuhi, umejilaza juu ya pedali ya breki kwa raha zake zote. Kwenye kigari cha chuo, mahali pale kwa mguu wa kushoto pana klachi, na miaka yote ile mguu huo umekaa juu yake kwa uangalifu, ukisubiri mwanafunzi akosee. Gari la shemeji halina klachi. Linajibadilishia gia lenyewe. Lakini mguu haukuambiwa. Ulitafuta pedali ya karibu, ukaikuta breki pana na nzuri, ukajipumzisha kidogo, si sana, kiasi cha kuwasha taa na kuunguza pedi. Na gari, likiona mtu anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja, likadhani ana matatizo, likawa linamkatia nguvu kwa kumwonea huruma.

Aliuondoa mguu akauficha chini ya kiti, kama mtu anayemficha mtoto aliyevunja chombo cha watu. Akatia mafuta, akatoka kituoni, akaenda mbele hatua za kutosha, akakanyaga mafuta. Gari halikukohoa. Liliondoka kwa kishindo kimoja kilichombandika kitini, na moyo wake ukafurahi na kuanguka kwa wakati mmoja. Alizunguka akarudi, akazima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. Mamia ya watu katika mji ule wana leseni kwa sababu yeye aliwafokea kuhusu mguu. Alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine.

Mkewe akasema, bila kejeli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, "Tunaweza kugeuza. Nitampigia kaka nimwambie kwamba fundi amepata ugonjwa wa gari, limepona, yaishe."

Mwalimu alilifikiria pendekezo hilo kwa hamu kubwa. Waya ulikatika, wangesema. Panya waliingia kwenye injini. Mafuta yalikuwa machafu. Kila uongo ulikuwa mzuri na umenyooka, na kila mmoja ulimwacha shemeji palepale alipomwacha Jumapili ile, mtu aliyemuuzia ndugu yake gari lenye ugonjwa.

"Hapana," alisema. "Twende. Ila wewe uniache niseme mwenyewe, maana ukisema wewe utacheka."

"Sitacheka."

"Utacheka tu. Mimi mwenyewe ningecheka."

Shemeji alikuwa amekaa mezani kwake dirishani, kioo kimebanwa jichoni, saa ya mtu imefunguliwa tumbo mbele yake. Hakuinua kichwa. "Funguo weka pale."

Mwalimu hakuziweka. Alisimama katikati ya chumba, mkewe kando yake, akiwa amezungukwa na saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zilizokubaliana, akajikaza.

"Shemeji, gari halina ubovu. Mbovu ni dereva." Akavuta stuli, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili akamwonyesha: wa kulia kwenye mafuta, wa kushoto kwenye breki. "Hivi. Tangu siku uliponipa."

Shemeji alitoa kioo jichoni. Aliitazama ile miguu.

"Breki."

"Breki."

"Na ule mlima umeupanda hivyohivyo."

"Hivyohivyo. Nikakuita mwongo mezani kwangu, mbele ya dada yako na watoto. Nisamehe, shemeji. Na nitayasema haya haya kwenye meza ileile, wakiwepo walewale, mguu kwa mguu."

Saa zikaendelea na ubishi wao. Shemeji hakucheka, wala hakusema amesamehe. Aliinuka kwa kushika kiuno, akapita katikati yao, akatoka nje mpaka kwenye kigari cha chuo. Alibandua kile kibao cha herufi L chenye sumaku, akakikagua pande zote mbili, kisha akakibandika juu ya paa la gari la buluu, akakinyoosha kisipinde. Akazunguka upande wa abiria.

"Shemeji, daktari alisema viti vya chini..."

"Mgongo niachie mwenyewe." Alijishusha kitini polepole huku dada yake amemshika kiwiko, akaguna, akakaa. Aliigusa dashibodi kwa vidole viwili. "Twende kwenu. Ni karibu saa ya chakula. Dada, wewe fuata nyuma. Ukiona taa nyekundu inawaka bila sababu, piga honi."

Njia ya kurudi inapita mbele ya chuo cha Mwalimu, hakuna nyingine. Wanafunzi wa mchana walikuwa wamesimama nje wakisubiri kigari chao, wakaliona gari la buluu likija na kibao juu, na mwalimu wao kwenye usukani, mguu wa kushoto umekunjwa chini ya kiti. Mwalimu alitaka kupandisha kioo. Shemeji akakishusha zaidi, akawapungia mkono.

Honi ililia mara mbili njia nzima. Mara ya kwanza ilikuwa haki. Mara ya pili Mwalimu alidai kwamba pale pana tuta, na kwenye tuta kila mtu hukanyaga breki. Shemeji alimwambia kwamba mwanafunzi habishani na mwalimu.

Walipofika getini, injini ikiwa bado inanguruma bila kukohoa, Mwalimu alisoma kwenye dashibodi mafuta ya safari ile. Alisoma tena ili awe na hakika, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya hakimu, "Kumi na moja."

"Nilikwambia uniamini," alisema shemeji. Akauficha uso upande wa dirisha. Kisha akamnyooshea Mwalimu mkono, amvute kutoka kwenye kile kiti.