Kinga ya Nakonde

"Kinga gani unayoijua wewe, Baba Loisi?" Ferista alisema. Alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mkono kiunoni, na hakuwa na dalili ya kupisha. "Kuku wazima unawapa dawa ya wagonjwa. Si ungewafunga na bendeji kabisa."

Enoka, mumewe, alikuwa ameshika ndoo ya maji yaliyogeuka manjano. Juma lile kuku wa jirani yao Rabson walikuwa wamekufa kwa mafua, karibu nusu ya banda, na tangu hapo Enoka hakupata usingizi. Mayai ndiyo yaliyowalisha. Asubuhi hiyo akavuka mpaka hadi Nakonde, Zambia, akarudi na unga wa antibiotiki.

"Muuzaji kasema niwawekee kwenye maji kila wiki, wasishikwe. Dawa ya Zambia ni kali, Mama Loisi."

"Muuzaji huyohuyo anauza na vitenge. Utawazoesha, halafu siku mafua yakiingia kweli, hiyo dawa haitafanya kitu. Na walaji wa mayai yenye dawa nao utawatibu nini?"

"Haya, wewe nicheke tu. Wakifa utacheka?"

Hapo Ferista aligeuka kutazama ndani. Madirisha yote ya wavu yalikuwa yamepigiliwa viroba, na harufu ya mavi ilimpanda puani.

"Umeziba lini?"

"Upepo ulipoanza. Wanasikia baridi."

"Kuku ana manyoya, Enoka. Anayesikia baridi ni wewe. Ingia, uchuchumae walipo wao, uvute pumzi."

Enoka aliweka ndoo chini, akaingia kwa maringo. Alitoka mbio, macho mekundu, akikohoa kama mzee wa tumbaku.

"Nikutilie kikombe kimoja cha kinga yako?" mkewe alimuuliza. "Rabson naye aliziba?"

"Tuliziba pamoja. Misumari alinipa..." Enoka aliishia hapohapo, amesikia mwenyewe alichosema.

"Basi hukununua dawa. Umenunua ruhusa ya kutosafisha banda."

Ferista alibeba ndoo, akaimwaga yote kwenye shimo la taka. Akarudi, akashika kiroba cha kwanza kwa mikono miwili na kukivuta, misumari ikaruka. Upepo ukaingia, kuku wakainua shingo. Akahamia cha pili.

"Koleo la kuzolea liko nyuma ya jiko," alisema bila kugeuka. "Anza na maranda ya sakafuni, pembe ile iliyolowa."

Enoka alikunja suruali, akalifuata koleo, akaanza na pembe ile.