Mashine Yangu ya Majina

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa chuoni niliitangaza maiti. Nilimwambia Becky Nakhungu, aliyekaa kando yangu, kwamba imekufa, tukaombe nyingine. Becky akabonyeza kitufe, ikawaka. Urafiki wetu ulianzia hapo: yeye alijua kitufe kilipo, mengine yote hatukuyajua sote wawili.

Shule niliyosoma kule Luanda Kotieno ilikuwa na kompyuta moja, ya karani, na ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Ghafla niko Maseno nasomea sayansi ya kompyuta, pamoja na kina Owiti waliotengeneza michezo ya simu wakiwa bado shule ya upili. Siku ya kwanza nilisahau nukta mbili, mashine ikanijibu kwa maandishi mekundu nusu ukurasa. Hata mama hajawahi kunigombeza hivyo! Nikampigia simu, yuko kwenye samaki wake karibu na kivuko, nikamwambia kazi ya Ijumaa ikinishinda nahamia historia. Akasema sawa, ila nisihame kwa hasira. Hasira zenyewe nimezirithi kwake.

Kazi ilikuwa kuandika programu ya masharti: ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo, fanya vile. Wenzetu wakakimbilia mambo ya benki na kodi. Mimi nikajiuliza, kwani masharti si ndiyo tuliyozaliwa nayo? Kwetu Wajaluo, msichana akizaliwa alfajiri ni Akinyi, jua likiwa utosini ni Achieng, jioni Adhiambo, usiku Atieno. Mvulana, weka O mahali pa A. Nyanya zetu waliprogramu bila umeme! Basi mimi na Becky tukaanza kuandika programu ya kutoa majina.

"Na sisi Wabukusu?" Becky akauliza. "Kwetu msichana wa mvua ni Nafula, wa mavuno ni Nekesa."

"Toleo la pili, Becky. Tumalize Wajaluo kwanza."

"Kama kawaida yenu."

Jumatano, watoto wote wa usiku wakakosa majina. Mashine huhesabu saa za siku kuanzia sifuri hadi ishirini na tatu, nami nilikuwa nimeiamrisha hivi: saa ikiwa kubwa kuliko kumi na tisa na ndogo kuliko tano, andika Atieno. Haikuandika kitu. Becky akaikodolea macho, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Akello, ni nambari gani hiyo kubwa kuliko kumi na tisa, na hapo hapo ni ndogo kuliko tano?"

Mungu hajaiumba. Nikafuta "na", nikaweka "au". Atieno! Yawa, tuliruka mpaka mlinzi akaja kuuliza nani ameolewa. Neno moja dogo, na watoto wa usiku wote wamepata majina! Nilikuwa na furaha hadi nikasahau chakula cha mchana, na mimi chakula sisahau.

Ijumaa mhadhiri wetu, Daktari Wechuli, akaturusha ukutani kwa projekta, kila mtu aone. Owiti akasema alizaliwa usiku. Ukuta ukaandika Otieno. "Ndivyo dani, nyanya yangu, anavyoniita nyumbani!" akapiga kelele. Basi kila mtu akataka zamu, hata waliotucheka mwanzo.

"Sasa ingiza taarifa zako mwenyewe," akasema Daktari.

Msichana. Saa sita kwa hesabu ya mashine, yaani alfajiri. Akinyi, wala si Akello.

"Karibu darasani, Akinyi!" Owiti akasema, na darasa likaangua kicheko. Masikio yakaniwaka moto. Niliona historia ikinikaribia na vita vyake vyote.

Daktari akamimina chai kutoka kwa thamosi. "Nikimaliza kikombe hiki, naweka alama. Nani amekosea, mashine ama wewe?"

Mimi. Mashine niliipa saa tu, na mimi sikupewa jina kwa saa. Niliwafuata Opiyo na Odongo, kaka zangu mapacha, na binti anayefuata mapacha ni Akello hata azaliwe saa ngapi. Darasa limejaa Wajaluo, hakuna aliyekumbuka! Nikaongeza swali la mapacha mwishoni kabisa. Nikaendesha. Akinyi tena.

Kikombe kilikuwa kimefika nusu.

"Ilete juu!" Becky akaninong'oneza. "Ikipata jibu la kwanza, haisomi ya chini. Mapacha hawapangi foleni, weka wao mbele!"

Nikalihamisha swali juu ya mengine yote. Je, umefuata mapacha? Ndiyo.

AKELLO.

Herufi kubwa kama mlango, ukuta mzima. Nikacheka, kisha nikagundua nalia, nikaendelea na yote mawili. Becky alikuwa amenikumbatia shingo karibu anikabe.

Daktari akaweka kikombe chini. "Vizuri sana. Lakini Wabukusu wako wapi hapa?"

"Toleo la pili, Daktari!" tukajibu pamoja.

Nikatoka mbio kumpigia mama.

"Mama, imeniita Akello!"

"Nani?"

"Kompyuta! Mwanzo iliniita Akinyi, kwa sababu sikuiambia kuhusu mapacha."

"Nyathina, mwanangu! Umesahau ndugu zako?" Nikamsikia akiwasimulia wateja, nao wakicheka. Kisha akarudi kwenye simu. "Na ile historia?"

"Historia gani, Mama?"