Maji Yaliyokataliwa na Kilima

Doña Ercilia Catrileo alimaliza kuosha vyombo, akatoka na karai na kumwaga maji pale palipokuwa na bustani yake kabla ya moto wa msitu kuunguza kilima. Maji hayakuzama. Yalijikunja yakawa gololi, yakabingirika kuteremka kilima kuelekea mji wa Valparaíso, Chile. Aliokota moja. Kiganja kilibaki kikavu.

“Hata kwako yamegoma?” aliuliza jirani yake, don Nolberto, kutoka kwenye kibanda chake cha mabati.

“Ardhi ndiyo imegoma. Maji yana kosa gani?”

Mtaalamu wa udongo alikuja kutoka chuo kikuu, akachimbachimba. Alisema mikaratusi ya kampuni ya mbao, iliyojaa kilimani, ina mafuta. Ilipoungua, mafuta yaligeuka nta na kuvika kila chembe ya mchanga. Ukame nao ulikoleza.

“Tifueni, mchanganye udongo wa mfinyanzi na mboji,” alisema. “Lakini mikaratusi isirudi. La sivyo, mvua yote itawashukia wa bondeni.”

Bondeni alikaa Yasna, binti yake Ercilia, na mtoto wake mchanga. Ercilia alitifua mpaka mpini wa jembe ukavunjika, na kiwanja chake kikaanza kunywa maji. Kilima kilichobaki kilikuwa cha kampuni, kimezungushiwa senyenge. Akaenda ofisini kwao kuwaomba nao watifue, wasirudishe mikaratusi.

“Mama, mvua ni ya Mungu,” karani alimjibu. “Sisi tuna miti tu.”

Mvua ilikuja mwezi Juni, asubuhi. Gololi ziliteremka kwa mlio wa mbaazi zikimiminwa kwenye sinia, zikajaa mtaa wa Yasna hadi madirishani. Ercilia alishuka na koleo, akachimba pamoja na majirani.

“Yasna! Uko hai?”

“Nipo, mama! Usipige kelele, mtoto ndio kwanza kalala.”

Walimkuta juu ya kabati, mtoto kifuani, hajalowa. Ercilia alimpokea mjukuu.

Mzee Wenceslao wa nyumba ya pili hakuitika. Walimtoa kitandani, shati kavu, nywele kavu. Daktari aliandika kwamba amekufa maji.

Baada ya maziko, watu walizoa gololi kwa magunia, wakazipanga milangoni kama akiba ya maji, wakawa wanapikia maharage.

Majira ya kuchipua, malori ya kampuni yalipanda kilima yakiwa na miche. Vibarua walifagia maji pembeni, wakachimba mashimo.

“Mnapanda nini?” Ercilia aliuliza kwenye senyenge.

“Mikaratusi, mama. Inakua upesi hiyo.”

“Eti eh,” alisema Ercilia, akateremka kumsaidia Yasna kuhamishia kitanda cha mtoto juu ya kabati.