Mtihani wa Kubeba Abiria

Siku mkaza mwana alipoanza kuuza mikate, mama mkwe alikata shauri bila kuulizwa. "Mwanamke wa nyumba hii hapandi pikipiki. Mikate atapeleka mwanamume."

"Sawa, mama," akaitikia kwa adabu zake zote. Kisha akaenda kujiandikisha kwa mafunzo ya pikipiki. Alikuwa amechoka na mchukuzi wake, bwana mmoja aliyefikisha mikate kwa wateja ikiwa bapa kama kandambili. Alitaka leseni ili mikate aipeleke mwenyewe, yakimwagika yamwagike.

Siku ya mtihani aliaga kwamba anakwenda sokoni. Uwanjani walikusanywa wanafunzi wa asubuhi na wa alasiri, wote vichwa ndani ya helmeti, mtu hamjui mtu. Pikipiki ya mama mmoja mnene ikazimika. Yule mama akalipiga tangi kofi.

"Sukuma, mwanangu! Usininunie sasa, kichwa kishaonekana!"

Mkaza mwana akageuka kutazama. Mkunga mwenye kauli ile alikuwa mmoja tu duniani, mama mkwe wake, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka nyumbani akidai anakwenda kumtazama mzazi.

"Wewe mwembamba!" mwalimu akaita. "Panda nyuma ya mama. Akimaliza mbadilishane."

Akapanda. Angefanyaje? Akashusha kioo cha helmeti na kufunga mdomo.

"Mbona kimya, binti? Unaogopa?" mama mkwe akauliza, wakiondoka kwa kurukaruka. "Mimi pikipiki siiogopi. Namwogopa mkaza mwana wangu. Nilimkataza mwenyewe, kwa mdomo huu. Akiniona hapa uso nitauweka wapi? Na wajawazito nao hawaningoji nifike kwa miguu!"

Nyuma yake mtu alikuwa akijiuma midomo asicheke.

"Halafu mikate yake mitamu, mwanaharamu yule. Sijamwambia. Atavimba kichwa."

Walikaribia kona. Mwalimu alisimama pale, filimbi mdomoni, na taa ya kuonyesha kona ilikuwa haijawashwa. Kosa hilo lilitosha kumwangusha mtu. Mkaza mwana akawaza haraka: mama akifeli, atarudi nyumbani na hasira, na pikipiki itakuwa haramu mpaka kiama. Akisema neno, sauti itamuumbua.

"Indiketa, mama!"

Pikipiki ikayumba kama mlevi. Taa ikawaka. Wakapita kona, wakazipita koni zote, wakasimama. Mama mkwe hakugeuka.

"Umesikia yote?"

"Mpaka ya mikate, mama."

"Mtoto mbaya wewe." Mabega yake yakaanza kutikisika, kicheko kikampasuka ndani ya helmeti. "Haya, tumeshikana pabaya. Mikate yako peleka mwenyewe. Lakini nikiitwa usiku na pikipiki yangu mbovu, unanipeleka, hakuna kuguna."

"Siguni, mama."

"Na mumeo, nani atamwambia?"

"Wewe, mama. Si mwanao?"

"Kwangu alishahama! Mwambie wewe uliyemchukua."

"Mimi ataninunia."

"Mimi je, hatanuna? Unamjua anavyonuna, kama—"

Filimbi ikalia. Mkaza mwana, ambaye sasa alikuwa mbele, akaingiza gia na kuachia klachi ghafla, labda kwa bahati mbaya. Mama mkwe akapiga ukelele na kumkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, kwa mara ya kwanza tangu harusi.